Slaidi Haina Mgongo

Ijumaa iliyopita nilikabidhi ufunguo wa chumba cha giza, nikasaini daftari, nikanywa chai pamoja nanyi. Mlinipa saa ya mkononi, mimi ambaye sasa sina pa kuwahi. Kisha mkaniomba niwaandikie kazi hii ilivyokuwa zamani, kabla ya uhuru, tulipokuwa tukizunguka Mbulu na Hanang na kamera kichwani. Nimeitazama karatasi siku sita. Macho yamechoka, na mgongo ndio usiseme. Habari za vyeo sitaziandika, zimo kwenye faili langu na hata humo hazisisimui. Nitaandika machache niliyobeba, pamoja na moja ambalo sijalitua.

Nilianza kama mchukuzi. Baba yangu, Ramadhani, alikuwa na duka Dongobesh, na mzungu wa kwanza wa idara yetu alipita pale kununua mafuta ya taa. Aliuliza kama kuna kijana anayejua kusoma na ambaye halewi. Baba akanitazama. Nilikuwa nimevuka miaka ishirini na kazi yangu dukani ilikuwa kupima chumvi na kugombana na nzi. Kesho yake nilikuwa chini ya kamera, na nasema chini kwa sababu ilikuwa kichwani kwangu.

Tulikuwa na masanduku mawili, moja la kamera na moja la sahani za kioo, maana siku hizo picha ilishikwa kwenye kioo. Hakuna aliyeniambia la pili lina nini. Tulipopumzika kwenye mlima nikalikalia. Sahani tatu zilivunjika, nami nikapata kovu ambalo siwezi kuwaonyesha hadharani. Nilidhani nimefukuzwa kazi siku ya kwanza, lakini mzungu alicheka mpaka akakaa chini, akaniambia tangu sasa nitalikumbuka sanduku hilo. Nimelikumbuka kila nikikaa kwenye benchi gumu.

Aliyenifundisha kazi hakuwa yeye. Alikuwa Fundi Yusufu, Mrangi wa Kondoa, mtu mfupi, mkali, mwenye vidole vilivyobadilika rangi kwa dawa. Chumba chake cha giza kilikuwa kibanda cha udongo chenye dirisha moja alilolizibia blanketi. Maji ya mtoni aliyachuja kwa kilemba chake, kwa sababu punje moja ya mchanga ikigusa kioo, mlima pichani unaota tundu. Kule juu Mbulu baridi ikizidi dawa inalala, haifanyi kazi, basi alikuwa anaweka chupa kwapani robo saa kabla ya kusafisha picha. Baadaye kwapa likawa langu. Mkiona hivi vipima joto vyenu, mshukuruni Mungu.

Fundi Yusufu hakuwa na maneno mengi, lakini moja alilirudia kila siku. Picha ikikauka, kabla hajaitazama uzuri wake, aliigeuza.

"Picha haina mdomo," aliniambia. "Mdomo wake uko mgongoni. Andika."

Tukaandika. Mgongoni mwa kila picha, kwa penseli laini, tuliandika mahali, mwezi, nini kinaonekana, na nini hakionekani ambacho mtu angepaswa kukijua. Hicho cha mwisho ndicho alichokipenda zaidi. Nilipiga picha ya josho lenye foleni nzuri ya ng'ombe, akaandika nyuma yake: "Josho halina dawa tangu mwezi wa sita." Mzungu alinuna lakini dawa ililetwa. Nilipiga korongo la mmomonyoko, akaandika jina la mtu ambaye shamba lake lilikuwa pale korongo lilipo. Mimi nilikuwa naona anachosha. Mwandiko wangu ulikuwa mbaya na penseli ilikuwa fupi.

Fundi Yusufu alifariki wakati wa vita vya pili vya dunia, kwa kifua. Nikarithi kibanda, kilemba cha kuchujia na dawa zake. Nilidhani nimerithi na akili yake.

Sasa niwaelezee miombo, kwa kuwa wengi wenu mmezaliwa mjini. Kwenye miteremko chini ya Mlima Hanang kuna misitu ya miombo, na mwisho wa kiangazi, mwezi wa tisa na wa kumi, wakati nchi yote ni vumbi na mvua bado, miti ile inageuka. Inakuwa myekundu, mingine rangi ya shaba, mingine kama damu ya mzee. Unaweza kusimama Mogitu asubuhi ukadhani mlima umeshika moto bila moshi. Kwa sahani zetu za zamani wekundu ule ulitoka mweusi tititi. Zilipokuja filamu mpya, niliweka kioo chekundu mbele ya lenzi, ukatoka mweupe. Kwa hiyo kwa miaka mingi miombo ya Hanang ilikuwa myeusi au myeupe kufuatana na nilichoamkia. Nilitamani rangi. Nakiri, niliitamani kuliko nilivyotamani vitu vingine vya halali.

Rangi ililetwa baada ya vita na bwana mpya, kijana, tuliyemwita Bwana Miti. Kiswahili chake kilikuwa cha kitabu lakini alikisema bila aibu, na alitembea kwa miguu kuliko wote waliomtangulia. Hakuwa mtu mbaya. Nalisema hili mapema ili msije mkamtafuta mwovu katika habari hii, mkamwona yeye, mkaniacha mimi.

Ofisini kwake alitundika kalenda kutoka kwao. Picha yake ilikuwa ya kinamasi katikati ya msitu, maji meusi yaliyotulia, na miti kandokando yake imewaka nyekundu na njano. Aliniambia kwao ni hivyo kila mwezi wa kumi. Alikuwa akiitazama wakati anaongea, na nadhani alikuwa anapakumbuka nyumbani.

"Tuna kinamasi huko Gehandu," alisema. "Chini ya miombo. Nataka picha kama hii. Za rangi. Kuna mkutano mkubwa, wakubwa wataamua kama eneo lile lifungwe au lisifungwe."

"Lifungwe kwa nani, bwana?"

"Kwa ng'ombe. Ripoti inasema wanaharibu. Lakini mimi sitaki kusema bila kuona. Nenda ukapige yaliyopo."

Akanipa filamu sita za rangi. Filamu hizo hazikusafishwa hapa, zilipelekwa Ulaya kwa meli na kurudi baada ya miezi mitatu zikiwa slaidi, vipande vidogo vya kuangaza ukutani. Nilizishika kama mayai.

Kinamasi cha Gehandu si kikubwa. Ni matete, tope jeusi, na chemchemi ambayo haikauki hata mwaka mbaya. Wafugaji wa uwanda wote ule walikitegemea mwisho wa kiangazi, maana maji ya ziwa la upande wa Balangdalalu ni ya chumvi. Mimi niliingia pale na viatu vya ofisi. Hatua ya tano mguu ulizama mpaka pajani, na miguu mitatu ya kamera ikaanza kwenda chini taratibu, mmoja baada ya mwingine, nikabaki nimeikumbatia kamera hewani.

Nikasikia mtu anasema nyuma yangu, "Usivute. Ukivuta, tope linakula zaidi."

Alikuwa mzee wa Kibarbaig, mrefu, mgolole wa blanketi begani, na fimbo yake tayari ameninyooshea. Nilimsalimu nikiwa nimekwama.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Wewe mtoto wa nani?"

"Wa Ramadhani wa duka, Dongobesh."

"Namjua. Hili blanketi langu lilitoka kwake." Akanitoa kwa mkono mmoja. "Sasa wewe unatafuta nini kwenye tope?"

Jina lake lilikuwa Gidamisi. Nilipomweleza, hakucheka. Alikwenda akarudi na vipande vitatu vya ngozi kavu ya ng'ombe, ngumu kama ubao, akaweka kimoja chini ya kila mguu wa kamera. Kamera ikasimama juu ya tope kana kwamba iko sebuleni. Katika miaka yangu yote ya kazi sijaona kifaa kizuri kuliko ngozi zile. Nimewaambieni mara nyingi na ninyi mnacheka.

Nilikaa siku tatu. Siku mbili za kwanza mwanga ulikuwa na vumbi. Mzee alikuja kila asubuhi na ng'ombe wake, karibu wote wa uwanda ule walikuwa wake na wa ndugu zake, na wakati wanakunywa alisimama kando yangu na kutazama ninachotazama. Aliniuliza kwa nini miti.

"Kwa sababu ya wekundu," nilisema.

"Ndiyo. Saa hizi inazaa."

"Inazaa?"

"Haya majani ni watoto. Yale ya zamani yameanguka, haya yamezaliwa juzi. Kila mtoto anazaliwa mwekundu. Hata wewe ulizaliwa mwekundu, muulize mama yako." Akaonyesha kwa fimbo. "Mvua ikija, watakuwa kijani, watu wazima. Miti inajua mvua kabla yetu. Nikiona watoto, najua ng'ombe wangu watapona. Ni kungoja tu hapa kwenye maji."

Nililijua jambo hilo, kila mtu wa kwetu analijua, lakini sikuwahi kusikia limesemwa vizuri hivyo. Nilisema moyoni nitaliandika.

Siku ya tatu kulikuwa na mwanga safi tangu asubuhi. Maji yalikuwa kama kioo, na miombo yote ilikuwa ndani yake kichwa chini. Ilikuwa kalenda yenyewe. Ila ng'ombe walikuwa wanakuja, na kwenye kalenda hakukuwa na ng'ombe. Wangetibua maji, wangeleta vumbi, picha ingekwisha. Nikamfuata mzee.

"Mzee, nakuomba. Wazuie kidogo. Picha hii inakwenda kwa wakubwa wanaoamua habari ya maji haya."

Alinitazama, akawatazama ng'ombe. Walikuwa wametembea tangu alfajiri na walikuwa wanalia kwa kiu, wameshanusa maji.

"Itasaidia?" aliuliza.

"Itasaidia," nilisema.

Akawazuia. Yeye na watu wake walisimama mbele ya ng'ombe wote wale, wenye kiu, kwa fimbo na kwa mluzi, toka saa mbili mpaka karibu saa sita, wakati mimi nasubiri kivuli kitoke kwenye matete ya kushoto. Nilipiga filamu nne. Nilikuwa na furaha kupita kiasi. Mbele ya lenzi kulikuwa na maji yaliyotulia, miti myekundu, na ukingo wa tope lenye alama za kwato za jana na juzi. Ng'ombe walikuwa nyuma yangu.

Slaidi zilirudi baada ya miezi mitatu. Bwana Miti alizishika mbele ya dirisha. Kisha akaniita jina langu, siyo "Picha" kama alivyozoea, akasema hajawahi kuona kazi nzuri kama hiyo katika nchi hii. Kichwa kilivimba. Niliketi kuandika. Hapo ndipo nikaona jambo ambalo Fundi Yusufu hakuishi kuliona. Slaidi haina mgongo. Ina fremu ya kadibodi, upana wake nusu ya kidole, na mwandiko wangu mnaujua. Nikaandika kinachoenea: "Gehandu, mwezi wa kumi." Nilijiambia mengine nitayaandika kwenye karatasi pembeni. Sikuandika karatasi yoyote. Nilikuwa na kazi nyingi, au nilikuwa na uvivu, chagueni.

Mkutano ulifanyika mchana, mapazia yamefungwa, shuka jeupe ukutani. Mimi ndiye niliyesimama nyuma ya mashine ya slaidi. Wakubwa walishangaa kwa sauti picha ya kwanza ilipotokea. Bwana Miti akachukua fimbo akaonyesha.

"Huu ni mwezi wa kumi," alisema. "Mnaona jinsi miti inavyokufa. Na hapa chini mnaona kwa nini." Akaigonga ile alama ya kwato.

Alisema kile alichokiona. Kwao mwezi wa kumi jani likiwa jekundu, linakufa. Hajawahi kuambiwa kuna nchi ambako linakuwa jekundu likizaliwa. Mimi nilikuwa hatua sita nyuma yake, gizani, na nilijua. Wala sikuogopa kufukuzwa, msinipe udhuru huo. Niliona tu haya kumkatiza mbele ya wageni, tena siku aliyonisifu. Nikasema nitamwambia baadaye, tukiwa wawili. Akasema, "Inayofuata," nami nikabadilisha slaidi.

Baadaye haikufika. Wahenga walisema kimya kingi kina mshindo mkuu. Changu kilikuwa na seng'enge. Kabla ya kiangazi kilichofuata kinamasi kilizungushiwa nguzo na waya, askari wa msitu wakawekwa, na wafugaji wakaambiwa waende upande wa ziwa.

Mwaka ule, mwezi wa kumi, nilitumwa tena kupiga palepale, ili waone faida. Hapo nilipata matumaini, naona aibu hata kuandika. Ngozi tatu za mzee zilikuwa bado kwenye matete nilikoziacha. Nikasimamisha kamera juu yake. Hapakuwa na kwato, hapakuwa na mavi ya ng'ombe, nyasi zilikuwa kiunoni. Na miombo ilikuwa myekundu vilevile, jani kwa jani. Nikasema, basi, sasa picha itasema yenyewe. Ataona hakuna ng'ombe na bado ni myekundu, ataelewa, nami sitahitaji kufungua mdomo.

Ziliporudi nilizipanga mezani kwake, ya mwaka wa kwanza na ya mwaka wa pili. Aliziinamia muda mrefu. Niliuona uso wake unahuzunika.

"Bado inakufa," alisema. "Uharibifu ulikuwa mkubwa kuliko tulivyodhani. Lazima tuongeze eneo."

Ndipo nikasema. Maneno yalitoka kama mtu anayetapika.

"Bwana, hayo majani hayafi. Yanazaliwa. Ni majani mapya. Nenda hata leo, utayakuta kijani. Ni hivyo kila mwaka, tangu babu zetu."

Shingo yake ilibadilika rangi. Alivua miwani akaifuta, akaivaa tena, akaziangalia slaidi moja moja.

"Unajua tangu lini?"

"Tangu utoto."

"Ulikuwa umesimama nyuma ya mashine," alisema polepole. "Kwa nini hukuniambia?"

Hakupandisha sauti. Angenitukana ningekuwa na la kushika. Nikaanza kuzikusanya slaidi, na swali lake ninalo mpaka leo, miaka yote hii.

Aliandika barua siku hiyohiyo, niliiona ikipigwa chapa. Jibu lilikuja baada ya muda kwamba shauri lilishaamuliwa, na picha zilizotumika zilikuwa wazi kabisa. Kabla ya kiangazi kingine yeye mwenyewe alihamishwa. Maji yakimwagika hayazoleki, hata ukiandika barua nzuri.

Nilimfuata Mzee Gidamisi huko Balangdalalu. Nilichukua ile slaidi ya kwanza, kwa sababu nilijiambia mtu ana haki ya kuona kilichomhamisha. Boma lake jipya lilikuwa kwenye uwanda mweupe wa chumvi, na ng'ombe niliowaona zizini niliweza kuwahesabu bila kusogea. Nilimsalimu, akaniitikia marahaba, akaniuliza habari za baba. Nikamweleza yote. Nilimwambia wazungu wanavyoliona jani jekundu, nikamwambia na mimi nilivyonyamaza. Alisikiliza akichora ardhini kwa fimbo.

"Nipe nione," alisema.

Nikamwonyesha namna ya kuielekeza juani. Aliishika kwa ncha za vidole, jicho moja amelifumba.

"Ndiyo," alisema. "Ni hao watoto. Wazuri." Akatazama tena. "Ng'ombe wako wapi?"

"Walikuwa nyuma yangu, mzee. Nilikuomba uwazuie."

"Ndiyo," alisema. "Walikuwa na kiu sana siku ile."

Akanirudishia. Hakunilaumu kwa neno lingine. Mke wake alinipa maziwa, nayo yalikuwa kidogo, nikayanywa kwa sababu kuyakataa kungekuwa kumtukana mara ya pili. Mwaka uliofuata nilisikia amefariki. Waya wa Gehandu ulikuja kuota kutu wenyewe, watu wakaukata wakafungia vibanda vya kuku, na ng'ombe wakarudi majini, ila hawakuwa wake.

Baada ya hapo nilifanya kazi hii miaka mingine mingi, picha maelfu, na mnazijua, ndizo zinajaza makabati. Mlikuwa mnaninung'unikia kwa kuwalazimisha kuandika. Mlisema mzee anachosha, na nilikuwa nachosha, nami pia nilikuwa nimechoka.

Kwa hiyo hili ndilo la mwisho, na ni la kazi tu. Kabati la pili, droo ya chini, kuna slaidi ya kinamasi cha Gehandu. Mkiikuta msidhani kuna mtu amechafua fremu. Alhamisi iliyopita, siku moja kabla ya chai yenu, niliomba kalamu nyembamba kuliko zote ofisini, nikavaa miwani miwili, nikaandika pande zote nne za kadibodi mpaka pakajaa: "Gehandu, mwezi wa kumi. Majani mapya. Ng'ombe wa Gidamisi wako nyuma ya mpiga picha, wanasubiri maji."